Shimo la Kwanza la Machrihanish

Katika mchezo wa gofu, neno "shimo" halimaanishi tu lile tundu lenye upana wa sentimita 10.8 ambamo mpira hutumbukia. Linamaanisha kipande kizima cha uwanja kinachochezwa kwa mfululizo mmoja, kuanzia ti, yaani kiwanja kidogo ambapo mchezaji huruhusiwa kuuweka mpira juu ya kigingi kabla ya kuupiga, kupitia feawei, ambao ni ukanda wa nyasi zilizokatwa fupi, hadi grini, uga wa nyasi laini mno ambao ndani yake tundu limechimbwa na bendera kusimikwa. Uwanja kamili una mashimo 18, na kila shimo lina kipimo chake, yaani idadi ya mikwaju ambayo mchezaji stadi anatarajiwa kuitumia kulimaliza. Kati ya mashimo hayo yote, la kwanza limewekewa desturi ambayo wabunifu wa viwanja wameifuata kwa muda mrefu bila kulazimishwa na sheria yoyote: liwe pole.

Desturi hiyo ina sababu mbili zinazoeleweka kwa urahisi. Kwanza, mchezaji anapofika kwenye ti ya kwanza misuli yake haijachangamka na mkono wake haujaizoea fimbo, hivyo kumtwika jukumu zito wakati huo ni kumwonea. Pili, makundi ya wachezaji huanza kwa zamu, moja baada ya jingine, na kundi la mwanzo likipoteza muda kutafuta mipira iliyopotea, foleni yote iliyo nyuma yake hukwama hadi jioni. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni uwanja mkongwe wa St Andrews, mashariki mwa Uskoti, ambako shimo la kwanza na la mwisho yanatumia uwanda mmoja mpana usio na hata shimo moja la mchanga, na ambako kikwazo pekee cha maana ni kijito kinachopita mbele ya grini. Mkwaju wa kwanza hapo unamtia mchezaji hofu ya kutazamwa na watu, lakini ardhi yenyewe haimtishi.

Katika upande mwingine wa nchi hiyohiyo, magharibi kabisa, upo uwanja unaoivunja desturi hiyo waziwazi. Ni uwanja wa Machrihanish, katika rasi ya Kintyre, ambao shimo lake la kwanza, lenye urefu wa takriban mita 390 na kipimo cha mikwaju minne, linamtaka mchezaji aupige mpira wake wa kwanza wa siku juu ya ufuo wa Bahari ya Atlantiki. Shimo hilo huitwa Battery, na kwa miongo mingi limetajwa miongoni mwa mashimo bora ya kufungulia mchezo duniani. Sura hii inaeleza jinsi sifa hiyo ilivyopatikana, na hoja yake ni kwamba bahari peke yake isingetosha kuileta: viwanja vinavyopakana na maji ni vingi, na mashimo yenye mandhari nzuri ni mengi zaidi. Kinacholitofautisha shimo hili ni swali linalomwekea mchezaji kuhusu uwezo wake mwenyewe, tena kabla hajapata ushahidi wowote wa kumsaidia kulijibu.

Rasi iliyo mbali na njia

Kintyre ni ulimi mrefu wa ardhi unaoning'inia kusini-magharibi mwa Uskoti, na ncha yake ya kusini iko karibu zaidi na Ireland kuliko ilivyo na jiji la Glasgow, kwani mlango wa bahari unaozitenganisha pande hizo mbili una upana wa kilomita 20 hivi tu. Mtu akichora mstari ulionyooka kwenye ramani, Machrihanish haionekani kuwa mbali na Glasgow, lakini barabara hailijui neno mstari, kwa kuwa pwani ya magharibi ya Uskoti imechanikachanika kwa ghuba ndefu na nyembamba ambazo kila moja inapaswa kuzungukwa. Safari hupita kando ya ziwa Loch Lomond, hupanda milima, hushuka Inveraray, hupita Tarbert, kisha huifuata rasi yote hadi mji wa Campbeltown, na kwa jumla huchukua zaidi ya saa tatu kwa gari. Kutoka Campbeltown, ulio upande wa mashariki, msafiri huvuka uwanda bapa wa kilomita nane hivi na kufika Machrihanish, upande wa magharibi, na mbele yake hakuna tena barabara bali maji.

Umbali huo haukuwa upweke wa siku zote. Uwanda huo ulikuwa na makaa ya mawe yaliyochimbwa kwa vizazi kadhaa, na reli nyembamba iliyojengwa kwa ajili ya kuyasafirisha hadi bandarini Campbeltown iliboreshwa na kufunguliwa kwa abiria mwaka 1906, ikawachukua watalii wa siku moja waliofika kwa meli kutoka miji ya mto Clyde, hadi ilipofungwa mwaka 1932. Campbeltown yenyewe iliwahi kuwa na viwanda vya wiski zaidi ya 30, ambavyo leo vimebaki vitatu tu vya zamani. Karibu na uwanja wa gofu ipo pia njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita tatu hivi, ambayo ilihudumia ndege za kijeshi na ambayo leo hupokea ndege ndogo za abiria. Kwa hiyo ukimya unaomkuta mgeni Machrihanish ni ukimya wa mahali ambapo makaa, reli na jeshi vilipita na kuondoka, huku gofu ikibaki.

Klabu ya gofu ilianzishwa hapo mwaka 1876 kwa jina la Kintyre, ikiwa na mashimo machache kuliko 18. Mwaka 1879 iliamuliwa kumwita Tom Morris, aliyejulikana kama Mzee Tom, mtunzaji wa uwanja wa St Andrews na mshindi mara nne wa mashindano ya Open, aje aupanue uwanja. Akiwa amekaribia umri wa miaka 60, alisafiri kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine, akaupanga uwanja kuwa wa mashimo 18, na masimulizi ya gofu yanamkumbuka kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu alipoiumba sehemu ile alikuwa akiufikiria mchezo huo. Baada yake uwanja ulirekebishwa na wabunifu wengine, akiwemo J. H. Taylor mwaka 1914 na, baadaye, Sir Guy Campbell, lakini kila aliyefika alikuta ardhi ambayo sehemu kubwa ya kazi ilikuwa imekwisha kufanywa.

Ardhi iliyofinyangwa na barafu na mchanga

Waskoti huiita ardhi ya namna hii "links", neno linalotumika kwa ukanda wa mchanga na nyasi uliopo kati ya bahari na mashamba, ambao haufai kwa kilimo kwa sababu mchanga hauhifadhi maji wala rutuba ya kutosha. Asili yake ni ya kale. Wakati wa zama za barafu, Uskoti ilifunikwa na barafu nzito iliyoididimiza ardhi yenyewe, na barafu ilipoyeyuka ardhi iliyopunguziwa mzigo ilianza kuinuka polepole, ikaziacha fuo za zamani zikiwa juu na nyuma ya fuo mpya. Upepo wa magharibi uliendelea kuutwaa mchanga wa ufuo na kuurundika kuwa vilima, nyasi ngumu za pwani zikaushika kwa mizizi yao, na nyuma ya vilima hivyo ukatokea uwanda wa majani mafupi ambao kwa Kigaeli, lugha ya wenyeji wa asili wa pwani hiyo, huitwa machair. Neno hilo ndilo limo ndani ya jina la Machrihanish.

Mambo mawili katika maelezo hayo yanalihusu moja kwa moja shimo la kwanza. La kwanza ni kimo: uwanda wa nyasi unakaa juu kidogo ya ufuo wa sasa, hivyo ti iliyowekwa ukingoni inamwinua mchezaji juu ya mchanga na kumwonyesha kila kitu anachokiogopa. La pili ni mpindo: ghuba ya Machrihanish ina ufuo wa mchanga wa karibu kilomita tano unaojikunja kuelekea kaskazini kama upinde, na kijiji kikiwa kwenye mwisho wa kusini wa upinde huo, mtu anayesimama karibu na jengo la klabu na kutazama kaskazini huuona ufuo ukikata mbele yake kimshazari. Hakuna mtu aliyeuchimba mtego huo. Kilichohitajika ni jicho la kutambua kwamba, ti ikiwekwa upande huu wa kona ya ghuba na feawei upande ule, shimo limekamilika.

Hesabu ya mshazari

Ili kuelewa kwa nini mshazari una uzito mkubwa hivyo, inafaa kuulinganisha na kizuizi kilichokaa kwa ukingamo, yaani kinachomkabili mchezaji moja kwa moja kama ukuta. Mto unaokatiza mbele ya ti kwa umbali wa mita 150 huwauliza wachezaji wote swali moja: mpira wako unafika mita 150 au haufiki? Anayeweza hana la kufikiri, na asiyeweza hana la kufanya. Kizuizi cha mshazari hakiulizi hivyo. Kinamruhusu kila mchezaji kuchagua mahali pa kukivuka, na kila chaguo lina gharama yake na faida yake.

Mfano wa hisabati unaweza kulifafanua jambo hili bila kudai kuwa ni vipimo vya uwanja wenyewe. Tuseme ukingo wa feawei ni mstari ulionyooka, na njia fupi kabisa ya kuufikia kutoka kwenye ti, ambayo humpeleka mchezaji kulia, ni mita 120. Akielekeza mkwaju wake nyuzi 30 kushoto zaidi ya njia hiyo, sharti mpira uruke mita 139 kabla ya kugusa nyasi. Akielekeza nyuzi 45, mita 170. Nyuzi 55, mita 209. Nyuzi 60, mita 240. Msomaji atagundua kwamba nyuzi 30 za mwanzo zimeongeza mita 19 tu, ilhali nyuzi tano za mwisho peke yake zimeongeza mita 31. Hapo ndipo ulipo ujanja wa mshazari: hatua za kwanza za tamaa ni rahisi kiasi cha kumshawishi mtu kwamba hatua zinazofuata nazo zitakuwa rahisi vivyo hivyo.

Upande wa faida nao ni wa kweli. Shimo la Battery linapinda kushoto likiufuata ufuo, kwa hiyo anayekata kona zaidi hubakiwa na mkwaju mfupi zaidi wa kuiendea grini. Anayekwenda kulia kwa usalama hubaki mbali, na huenda akahitaji mikwaju mitatu kuifikia grini pale ambapo jirani yake jasiri ametumia miwili. Usalama haukatazwi, ila una bei.

Robert Trent Jones, mbunifu aliyefanya kazi zake nyingi Marekani katika karne ya 20, aliyagawa mashimo ya gofu katika mikondo mitatu: mashimo ya adhabu, ambayo humwekea mchezaji kizuizi asichoweza kukikwepa, mashimo ya mkakati, ambayo humpa njia kadhaa na kumtuza aliyefikiri vizuri, na mashimo ya kishujaa, yanayochanganya hayo mawili kwa kuweka kizuizi kikubwa kimshazari ili mchezaji aamue mwenyewe kiasi cha ushujaa atakachokinunua. Wabunifu wa Marekani wamelizoea umbo hilo la mwisho kwa jina la "rasi", kutokana na shimo la 14 la uwanja wa National Golf Links of America, jimboni New York, ambalo mbunifu wake, Charles Blair Macdonald, aliliita Cape. Jambo lisilo la kawaida Machrihanish, basi, si umbo lenyewe bali nafasi yake katika mfululizo wa mashimo. Shimo la kishujaa likiwekwa la kumi au la 14, mchezaji hulifikia akiwa amekwisha kujua jinsi anavyopiga siku hiyo, na ushujaa wake una hesabu nyuma yake. Likiwekwa la kwanza, hana kumbukumbu ya kutegemea isipokuwa ya jana, na jana upepo ulikuwa mwingine.

Upepo, maji na macho

Nguvu ya upepo wa pwani hiyo iliandikwa katika historia ya mawasiliano. Mhandisi Reginald Fessenden, mzaliwa wa Kanada, alisimika karibu na kijiji cha Machrihanish mlingoti wa redio wenye urefu wa mita 128 hivi, na mnamo Januari 1906 kituo hicho kilibadilishana ishara za simu ya upepo na kituo chake cha Brant Rock, Massachusetts, ng'ambo ya Atlantiki. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo dhoruba iliuangusha mlingoti huo, na haukusimikwa tena. Mahali pale palichaguliwa kwa sababu hapakuwa na kitu kati yake na Amerika isipokuwa maji. Sababu hiyohiyo ndiyo iliyouleta upepo ulioubomoa mlingoti, na ndiyo inayoupata mpira wa gofu wenye uzito usiozidi gramu 46 unapokuwa hewani juu ya ufuo.

Upepo wa kawaida hutoka magharibi au kusini-magharibi, maana yake hutoka baharini, upande wa kushoto wa mchezaji, na kuusukuma mpira kuelekea nchi kavu. Jambo hili huonekana kuwa la msaada, lakini linadai imani ngumu, kwa sababu mchezaji anayetaka mpira wake uangukie kwenye nyasi hulazimika kuuelekeza juu ya maji na kuuachia upepo kazi ya kuurudisha. Mabaharia wa majahazi katika Bahari ya Hindi waliweza kupanga safari za mwaka mzima kwa kutegemea kusi na kaskazi, pepo zinazokuja kwa majira yake. Pepo za Atlantiki ya Kaskazini hazina ahadi kama hiyo, kwani hubadilika kwa saa, na msaada wa asubuhi unaweza kuwa kizuizi cha mchana.

Kuhusu maji, ipo ajabu moja ambayo msomaji aliyezoea pwani ya Afrika Mashariki hawezi kuitarajia. Mombasa na Zanzibar, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hufikia mita tatu hadi nne, na ufuo uliokuwa mwembamba asubuhi huwa uwanda wa kombe na mwani ifikapo adhuhuri. Machrihanish tofauti hiyo ni ndogo sana. Katika eneo la bahari lililo kati ya kisiwa cha Islay, Kintyre na Ireland, wimbi la kujaa kwa maji huizunguka nukta ambayo kwenyewe maji karibu hayapandi wala hayashuki, kama gurudumu linavyoizunguka ekseli iliyotulia. Matokeo yake kwa gofu ni kwamba upana wa ufuo unaopaswa kuvukwa haubadiliki sana kwa saa za siku. Mchezaji hawezi kuisingizia kalenda ya mwezi, kwa maana alichokiona mwenzake jana ndicho anachokiona yeye leo, na kinachobadilika ni mawimbi, upepo na moyo wake.

Macho nayo hudanganywa. Juu ya nchi kavu mtu hukadiria umbali kwa kuhesabu, bila kujua kwamba anahesabu, vitu vilivyo katikati: mti, ua, kichaka, mtu anayetembea. Juu ya mchanga mtupu na povu hakuna vitu hivyo, na ukingo wa mbali huonekana ama karibu mno au mbali mno kutegemea mwanga na hofu. Mita 170 ambazo mchezaji hupiga kila wiki bila kufikiri uwanjani kwao hugeuka kuwa nambari isiyo na maana.

Adhabu yenye mlango

Shimo lenye kizuizi kikubwa hivyo lingeweza kuwa la kikatili, na mashimo mengi yaliyoiga umbo lake kwa kuchimba maziwa bandia yamekuwa hivyo, kwa sababu mpira ukizama ziwani hadithi yake imekwisha. Machrihanish imenusurika kwa kuwa kizuizi chake kikubwa si maji bali mchanga. Sheria za gofu humruhusu mchezaji kuupiga mpira pale ulipo hata kama umeangukia ndani ya eneo la adhabu, yaani sehemu ya uwanja ambayo anaweza kutoka kwa kukubali mkwaju mmoja wa ziada. Mradi mawimbi hayajauchukua, basi, aliyeshindwa kuivuka kona anaweza kushuka ufuoni, kuukuta mpira wake juu ya mchanga mgumu uliolowa, na kuupiga kurudi nyasini. Wapo wanaopiga mkwaju wao wa pili bora zaidi kutoka huko kuliko ambavyo wangepiga kutoka kwenye majani marefu. Kwa kuwa ufuo huo pia ni wa watu wote, bango limewekwa kuwatahadharisha wanaotembea kwamba ti ya kwanza ipo juu yao na kwamba ni busara wasogee mbele.

Huruma hiyo ndiyo inayoukamilisha ubunifu wa shimo hili. Swali gumu lenye adhabu isiyo na marejeo humfanya mtu aogope na kujibu kwa uwoga, ilhali swali gumu ambalo jibu lake baya bado linaacha mlango wazi humtia mtu ushawishi wa kujaribu. Ndiyo maana wachezaji wa kawaida, ambao kwa hesabu ya baridi wangepaswa kwenda kulia, wengi wao hawaendi.

Baada ya hapo uwanja huelekea kaskazini ndani ya vilima vya mchanga, ambako mashimo ya nusu ya kwanza ndiyo yanayosifiwa zaidi, kisha hugeuka na kurudi kwa njia ya ndani, hadi mashimo mawili ya mwisho, yaliyo juu ya ardhi bapa na ambayo hata wapenzi wa Machrihanish hukiri kuwa hayalingani na mengine. Ukosoaji huo ni wa haki, lakini mpangilio huo una athari yake. Njia ya kurudi humleta mchezaji jirani na jengo la klabu, karibu na mahali alipoanzia. Kufikia wakati huo amekwisha kujua upepo wa siku ulikuwa na nguvu kiasi gani, fimbo yake ndefu ilikuwa inapeleka mpira wapi, na nyuzi ngapi za mshazari angeweza kuzimudu. Maarifa yote ambayo ti ya kwanza iliyadai anayo sasa mkononi, kamili na yaliyothibitishwa kwa mashimo 18, na ti ya kwanza imekwisha kukaliwa na kundi jingine linaloutazama ufuo kimya.